Uzi wa Kijani

Watu wanasema nina mdomo. Ninao, tena sikuuazima kwa mtu. Kwa hiyo wale wanaoingia dukani kwangu wakijifanya wanaulizia kupunguza suruali, kumbe wanatafuta umbea wa kile kikao cha kampuni, siwafukuzi. Nawakalisha kwenye kigoda, nawasimulia mwanzo mpaka mwisho, na nikimaliza nawauliza: haya, suruali iko wapi?

Mimi ni fundi cherehani. Duka ni chumba kimoja chenye cherehani mbili, ya umeme na ya kukanyaga, na dirisha linalotazama yadi ya kampuni inayopeleka wageni mlimani. Sare za shule nashona, magauni nashona, lakini kazi yangu kubwa inatoka ng'ambo ya barabara: mahema yaliyochanika, zipu za mabegi, na bendera.

Nisipoeleza habari ya bendera hutaielewa hasira yangu, basi nivumilie kidogo. Mlima wetu una theluji huko juu. Kupanda kila mtu anaweza, maana juu ni juu tu. Kazi iko kwenye kushuka. Chini ni kweupe, mbele ni kweupe, ukungu nao ukiteremka ni mweupe vilevile, na mtu hajui kama mguu wake unakwenda kukanyaga ardhi au hewa. Ndiyo maana viongozi wa wageni, wakati wa kupanda, huchomeka fito za mwanzi zenye kitambaa chekundu, moja kila baada ya hatua hamsini. Wakati wa kurudi unasimama kwenye bendera moja mpaka uione inayofuata. Hujaiona, huondoki. Mapacha wangu wana miaka saba na sheria hiyo wanaijua, wanaicheza uani kwa vijiti vya ufagio.

Vitambaa vile nashona mimi. Kila kiongozi ana bendera zake ishirini na nne, na kila mmoja nilimpa rangi yake ya uzi kwenye pindo, kwa sababu walikuwa wakigombana kama watoto wa shule: hii yangu, ile yako, iliyochanika si yangu. Mume wangu nilimpa uzi wa njano. Mdogo wangu nilimpa wa kijani. Huyu mdogo wangu, wa tumbo moja, nilimshonea kila kitu kwa kijani, hata matundu ya soksi zake, ili pale kibandani, wanapolala huko mlimani, wenzake wasimchukulie.

Mume wangu, Baba Mapacha, alikuwa kiongozi mkuu wa kampuni. Mdogo wangu alikuwa chini yake. Wenzake walimpa jina la Kinyonga, kwa kuwa hakanyagi mahali kabla ya kupapima mara mbili. Wageni wenye haraka walimlalamikia, naye akiwajibu, "Mlima huu sijausikia umehama. Mnakimbilia nini?" Wazee na waoga ndio waliomtaka, na akawarudisha wote salama miaka kumi na mmoja.

Jumatatu ile yalipanda makundi mawili. Kinyonga alikuwa na mgeni mmoja, mwalimu wa jiografia aliyekaribia kustaafu, aliyewaahidi wanafunzi wake kwamba safari hii theluji hataionyesha kitabuni tena. Wakatangulia kwa sababu ya mwendo wao wa polepole, na Kinyonga akachomeka bendera zake za kijani kutoka kibandani kwenda juu. Baba Mapacha na wageni wake wanne wakawapita katikati ya mteremko, wakachomeka za njano nusu iliyobaki. Mchana ukungu ukashuka. Kundi la mume wangu likarudi kibandani jioni. Kinyonga na Mwalimu hawakurudi.

Habari ilinifikia Jumanne, muda mfupi baada ya dereva wa kampuni kuteremka na wale wageni wanne na kunitupia mfuko wa kazi mlangoni kama kawaida yake. Simu ikaita: mdogo wako amelala mlimani, shemeji yake amepanda alfajiri kumtafuta. Nikauacha mfuko ulipoangukia, nikafunga duka.

Mume wangu aliwakuta saa saba mchana, pembeni ya korongo. Mwalimu alikuwa amekufa. Mdogo wangu alikuwa hai lakini haijui hata miguu yake iko wapi. Baba Mapacha alimbeba mgongoni, akateremka naye saa tano nzima, hakukubali mtu ampokee. Gazeti likatoa picha: mume wangu amejikunja kama mwenye gunia, kichwa cha mdogo wangu kimelala begani kwake. Juu yake wameandika SHUJAA kwa herufi kubwa kama ngumi. Niliikata picha ile nikaibandika juu ya cherehani. Usiku aliporudi nyumbani nilimvua viatu, nikamwosha miguu, nikambusu mikono. Nakwambia nilimbusu mikono! Nikikumbuka natamani kuusugua mdomo huu kwa mchanga.

Hospitali walimkata Kinyonga vidole saba vya miguu. Siku ya tano akaja mke wa Mwalimu, amevaa nguo nyeusi mpya ambayo hata mikunjo ya dukani haijatoka. Akasimama miguuni pa kitanda, akauliza, "Ulimpeleka wapi mume wangu?"

Mdogo wangu akamtazama, akasema, "Nisamehe, mama." Basi.

Wodi nzima ilisikia, na kwa kuwa hakujitetea, hilo likawa kukiri. Kufika jioni mji mzima unasema Kinyonga alimpoteza Mwalimu. Kampuni ikatoa taarifa: bendera zilikuwepo njia nzima, zimesimama, na kiongozi alizipita kwa uzembe. Ijumaa ya wiki iliyofuata kingekaa kikao cha kumnyang'anya leseni, na kuandika kwenye cheti cha ajali kwamba kifo kile ni kosa lake. Mtu anayeitwa Kinyonga, leo ndiye aliyekurupuka akakimbilia korongo! Nilijua ni uongo, ila uongo wenyewe sikujua unatoka wapi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nguo ndizo kazi yangu, lakini sikukiona.

Siku ya nane nilirudi dukani, kwa kuwa kukaa nyumbani kulikuwa kunanila. Mfuko ulikuwa palepale mlangoni, umeingia vumbi. Nikaufungua nianze kazi. Bendera. Fito hubaki kibandani, huja vitambaa tu; nikazimwaga mezani nitenge zilizochanika, na mkono wangu ukasimama wenyewe.

Uzi wa kijani.

Nikahesabu. Za njano ishirini na nne, za kijani ishirini na nne. Nikaitafuta karatasi ya dereva, ambayo huibana kwa pini kila anapoleta kazi, maana siku moja nilimzushia balaa kwa kuchelewesha mahema na tangu hapo anaandika mpaka saa. Imeandikwa: Jumanne, saa nne asubuhi.

Saa nne asubuhi bendera za mdogo wangu zilikuwa mlangoni kwangu. Saa saba mchana ndipo mwenyewe alipopatikana, juu. Sasa zile "zilizosimama njia nzima" zilikuwa bendera gani? Nilikaa chini sakafuni, mkasi mkononi, picha ya shujaa inanitazama.

Kuna mila moja ya viongozi hawa ambayo kampuni inajivunia sana. Wa mwisho kushuka ndiye anayeng'oa. Anang'oa zote, zake na za mwenzake, ili mlima ubaki safi, na akifika kibandani hakuna kuvua viatu kabla ya kuzihesabu. Moja ikipungua, unarudi kuitafuta. Aliyeng'oa siku ile alijiona yeye ndiye wa mwisho. Na kundi lililorudi kibandani jioni ile ni moja tu.

Nilikwenda hospitali nikipita katikati ya magari kama kichaa. Mdogo wangu alikuwa ameegemea mto, blanketi limewekewa fremu ya waya lisimguse miguu.

"Bendera zilikuwepo?" nikamwuliza. Hata salamu sikutoa.

"Dada, karibu. Nipe maji kwanza."

"Maji utakunywa. Bendera zilikuwepo?"

Akageuza uso ukutani. Nikazunguka kitanda nikahamia upande huohuo wa ukuta, nikamwekea bendera moja kifuani, pindo juu. Akaugusa uzi kwa kidole.

"Tulijificha upepo nyuma ya jabali, nje kidogo ya njia," akasema mwishowe. "Saa moja hivi. Nadhani walitupita wakati huo, na ukungu ulivyokuwa, hawakutuona wala hatukuwaona. Tulipotoka nikaitafuta bendera ya kwanza. Nikakuta tundu. Tundu la fito, dada, theluji haijalifukia bado. Nikatafuta la pili, nikalikuta. La tatu lilikuwa limefukiwa. Nikarudi, nikamwambia Mwalimu tungoje. Lakini alikuwa ameanza kutetemeka vibaya, ulimi unakuwa mzito. Nikashika dira. Pale njia inapogawanyika, kulia kibandani, kushoto korongoni, nilikuwa nimeweka bendera mbili kwa makusudi. Nilizitafuta kwa mikono, nimepiga magoti. Mwalimu akateleza, akavunjika mguu. Nikachimba shimo tukaingia."

"Na redio?"

"Ililowa. Ilikuwa inasikia, haisemi. Nilimsikia shemeji akiniita mara mbili. Nikajibu mpaka sauti ikanikauka."

"Kwa hiyo ulijua ni yeye tangu siku ile."

"Nilijua."

"Na mke wa watu amekuja hapa, umemwambia nisamehe!"

"Ningemwambia nini?" Sasa alinitazama. "Una watoto wawili, dada. Shemeji akipoteza leseni mtakula nini? Mimi sina mke, sina mtoto. Vidole havioti tena, na mlimani sirudi hata nikibaki na leseni kumi. Acha wachukue. Na mgongoni kwake ndiko nilikoteremkia, usisahau hilo."

Laiti asingekuwa mgonjwa ningemtandika kofi. Nani alimwomba anilishe kwa jina lake? Alikaa kitandani, akapima, akakata, akashona maisha yangu bila kuniuliza hata kipimo. Nikamwambia hivyohivyo, kwa sauti, mpaka muuguzi akanitoa nje kwa mkono.

Jioni nilimwandalia mume wangu chakula, nikatandaza bendera ya kijani chini ya sahani yake. Watoto walikuwa uani. Alipoinua sahani aiweke karibu, akauona uzi. Akashusha sahani taratibu. Akaichukua ile bendera, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati.

"Mama Mapacha," akasema, "usituvunjie nyumba."

"Nyumba ipi? Hii uliyoiezeka kwa ngozi ya mdogo wangu?"

"Nilipanda kumfuata alfajiri, peke yangu. Nilimbeba saa tano."

"Ulimbeba kutoka ulikomwacha."

Akaisukuma sahani. Nikamwambia, "Leo Jumanne. Kikao Ijumaa. Ukisema mwenyewe, mimi sitafungua mdomo, na unajua kufunga kwangu mdomo si kazi ndogo." Akajibu, "Nitaona." Jumatano nikamwekea chai nikakaa mbele yake, nikangoja. Akanywa, akaondoka. Alhamisi vilevile. Ijumaa alivaa shati jeupe, ile bendera akaihamishia mfuko wake, na shati nililipiga pasi mimi, kwa sababu mjinga haishi kujipa matumaini.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa kampuni, wenye meza ndefu na ramani ya mlima ukutani. Mkurugenzi katikati, mtu mwembamba anayependa kujisikia. Watu wawili wa leseni pembeni yake. Mke wa Mwalimu safu ya mbele na ile nguo yake nyeusi. Dereva mlangoni. Baba Mapacha kwenye kiti cha mashahidi. Mdogo wangu hakuwepo, yuko na vidole vyake vitatu wodini.

Mkurugenzi akasoma taarifa. Halafu maelezo ya mume wangu, ameyaandika kwa mkono wake: *Niliziacha bendera zote zikiwa zimesimama.* Alipofika mwisho akaondoa miwani, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kununua, akasema, "Ndiyo hivyo, ndugu zangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Huvunjika guu! Mbele ya mjane ambaye mumewe kafa na mguu uliovunjika! Niliona mabega ya yule mama yakiruka kama amechomwa sindano. Mimi nikajikuta nimesimama na mfuko wangu.

"Fundi," mkurugenzi akasema, "kama umeleta mahema, subiri nje tumalize." Watu wakacheka kidogo.

"Sijaleta mahema. Nimeleta alama za njia." Nikaupindua mfuko juu ya meza yake. Bendera zikamwagika juu ya karatasi zake, mfuko ukaangusha glasi ya maji. "Hizi za uzi wa njano ni za Baba Mapacha. Hizi za kijani ni za Kinyonga. Nashona mimi, nazijua kama ninavyowajua wanangu. Za kijani ni ishirini na tatu, moja iko mfukoni mwa shahidi wako. Na hii ni karatasi ya dereva. Soma siku na saa."

Hakuisoma. Mmoja wa watu wa leseni akaichukua, akasoma kwa sauti. Akamgeukia dereva. "Ni mwandiko wako?"

"Ni wangu, mzee," dereva akasema. "Mfuko niliukuta kibandani umefungwa, nikapakia na mizigo ya wageni. Sikujua una nini."

"Saa nne asubuhi," nikasema, "bendera za mdogo wangu zimeshafika mjini, zimepumzika mlangoni kwangu. Mwenyewe yuko juu, shimoni, amekumbatia maiti. Mtuambie basi, zilisimamaje njiani? Zilipanda tena zenyewe?"

Hakuna aliyecheka sasa. Mkurugenzi akaanza kusema habari za utaratibu. Nikamwambia, "Utaratibu wako tunaujua. Karatasi yako ya kibandani ina mstari wa bendera, mstari wa mahema, mstari wa sufuria. Wa watu uko wapi? Nionyeshe!" Akaanza kupekua kweli, maskini, kana kwamba ataukuta.

Baba Mapacha alikuwa amesimama. Sikujua amesimama tangu lini. Mkono wake uko kwenye mfuko wa shati, juu ya ile bendera.

"Niling'oa mimi," akasema. "Njia nzima ya kushuka sikuwaona. Nikadhani Mwalimu amechoka na Kinyonga amemgeuza, wameshashuka. Niliita redioni mara mbili, kimya. Nikajua mimi ndiye wa mwisho. Nikang'oa."

"Na ulipofika kibandani hukuwakuta," mtu wa leseni akasema.

"Sikuwakuta. Kulikuwa kumeshaingia giza. Nikasema watalala juu, asubuhi nitawafuata."

Hapo mke wa Mwalimu akanyanyuka. Hakupaza sauti. "Baba," akasema, "ulipofika kibandani, ulihesabu?"

"Nilihesabu, mama."

"Ulihesabu nini?"

Mume wangu akazitazama zile za mezani. "Bendera," akasema. "Zilitimia. Arobaini na nane. Nikatia sahihi, nikavua viatu. Ndipo nikauliza Kinyonga yuko wapi."

"Zilitimia," yule mama akarudia, kama mtu anayejifunza neno geni. Akaja mezani, akaokota bendera moja ya kijani, akaipindua upande wa pindo. Aliukodolea macho ule uzi kwa muda ambao sote tuliona ni mrefu mno. Halafu akaniuliza, "Dada, naweza kwenda na hii?" Nikamwambia achukue. Akatoka nayo, hakungoja kikao kifungwe.

Kinyonga alisafishwa. Walifuta taarifa, wakaandika nyingine, leseni yake wakamwachia, ya kutundika ukutani. Ya mume wangu walichukua palepale. Mkurugenzi bado ni mkurugenzi, ila sasa karatasi yake ina mstari wa watu, na uko wa kwanza. Baba Mapacha alihamia kwa kaka yake. Kabla ya kutoka, begi mkononi, alisema, "Ungenishitua kwanza, mke wangu." Nikamwambia nilimshitua siku tatu, kwa chakula kisha kwa chai. Ile picha nikaibandua. Watoto wakauliza kama baba si shujaa tena, nikawaambia baba alimbeba mjomba wenu, hilo ni kweli, na mengine mtaelezwa mkikua.

Baada ya siku tano mke wa Mwalimu akaja dukani. Hakukaa kwenye kigoda. Akaweka kifurushi cha gazeti juu ya cherehani, akakifungua. Ndani mna jozi ya soksi nene za kijivu, zimefuliwa, zimekunjwa vizuri, na ile bendera pembeni yake.

"Waliponirudishia nguo za mume wangu," akasema, "alikuwa amevaa soksi jozi mbili. Hizi zilikuwa juu ya zake. Si za kwake. Wiki mbili najiuliza ni za nani. Nilidhani labda ni za hospitali." Akanyoosha kidole kwenye kisigino. "Siku ile kikaoni ndipo nikaona."

Kisigino kilikuwa na tundu lililozibwa kwa uzi wa kijani. Mshono wangu. Ninauma uzi mwishoni badala ya kukata, na alama ya meno yangu ilikuwepo.

Madaktari walikuwa wameniuliza, mara mbili, kwa nini mtu mzoefu kama yule alikutwa miguu mitupu ndani ya viatu. Nami nilimwuliza mwenyewe, akasema hakumbuki. Hakumbuki! Nilizikunjua soksi zile, nikazikunja tena. Hasira niliyokuwa nayo kwa mume wangu, kwa mkurugenzi, kwa ukungu, yote ikamhamia yeye, mjinga wangu mpenzi, aliyenyamazia hata hili.

"Twende," nikamwambia yule mama. Nikafunga duka mchana kweupe.

Baba Mapacha alikuwa kwenye benchi la nje ya wodi, kama kila siku tangu kikao. Anakuja asubuhi, anakaa mpaka wanafunga, haingii. Alisimama alipomwona mjane. Tukampita.

Mke wa Mwalimu akaziweka soksi juu ya blanketi. Kinyonga akaziona. Midomo ikaanza, "Nisame—"

"Nyamaza na hilo neno," akamkatiza. Akavuta kiti. "Mmeninyamazia vya kutosha, wewe na shemeji yako. Mume wangu alizungumza na wewe usiku mzima, mimi sijui alisema nini. Niambie yote. Hata upuuzi niambie."

Mdogo wangu akanitazama, kama kuomba ruhusa. Nikamwambia, "Sema, au nikusemeshe." Akavuta pumzi. "Alianza kunifundisha theluji inavyofanyika," akasema. "Akanikaripia kwamba sisikilizi." Yule mama akatoa kicheko, akashika ukingo wa kitanda. Nikatoka nikawaachia.

Nje Baba Mapacha bado amesimama. Macho yamemwiva, shati lile jeupe halijaona pasi tangu Ijumaa ile.

"Naweza kuingia?" akaniuliza.

"Ingia," nikamwambia. "Na ukifika kitandani, funua blanketi, hesabu vidole vyake. Vimebaki vitatu. Vingine viko kwenye soksi alizomvika Mwalimu baada ya wewe kutimiza bendera zako. Hesabu vizuri, Baba Mapacha, maana kwa kuhesabu wewe ni hodari."

Akainamisha kichwa, akaingia. Mimi nikakaa kwenye lile benchi lake, bado lina joto, nikalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile.